Mapazia ya Chumba cha Mwisho

Bweni la Wasichana, chuoni
4 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo, mama? Shemeji hajambo? Na ile miguu yako, imepungua kuvimba au bado unaikanyagia cherehani mpaka giza? Mimi namshukuru Mwenyezi Mungu, pumzi naivuta na chai nainywa, ila goti langu linanisuta kila nikipanda ngazi. Najua utacheka ukiona bahasha badala ya simu. Lakini simu yako hapo kibandani inapokelewa na kila mteja, na sauti yangu wanaisikia mpaka barabarani. Kwenye barua tuko mimi na wewe tu.

Mapazia yamefika salama. Kondakta aliyashusha begani kama mtoto aliyelala. Kitambaa kizito hivyo, na bitana juu yake! Nimeyatundika mwenyewe, chumba cha mwisho, ghorofa ya pili, kwa mwanao, Kijiti wetu. Yule anayelala naye chumba kimoja, wenzake wanamwita Redio kwa sababu hajui kunyamaza, akaruka kitandani na kupiga makofi: "Mama Funguo, sasa tuko hotelini! Imebaki kengele ya kumwita mhudumu." Nikamwambia, "Mhudumu ni mimi, na kengele ni huo mdomo wako."

Sasa nikwambie kinachonisumbua. Kuna ugonjwa wa kifua umeingia chuoni. Homa, kikohozi kikavu, mtu anahema kama aliyepanda mlima. Ulianzia bweni la wavulana. Nesi wa zahanati ya chuo alitukusanya sote tunaotunza mabweni, akasema: maji na sabuni mlangoni, barakoa darasani na foleni ya chakula, wanaolala karibu walale mzungu wa nne ili wasipumuliane usoni, anayekohoa asifichwe, apelekwe jengo la wageni akatunzwe peke yake. Na madirisha yawe wazi, mchana na usiku.

Hilo la mwisho ndilo limenikaa kooni. Upepo wa huku unaujua, na kifua cha mwanao unakijua zaidi. Mapazia umeyashona ili upepo usimguse, leo naambiwa niufungulie mlango. Nifanyeje?

Dada yako

*

Kibandani
11 Mei

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi huku wazima kwa rehema za Mungu. Miguu usiiulize, ina mambo yake. Shemeji yako anakusalimu, na anasema ukiandika tena andika herufi kubwa, maana miwani yake ameikalia.

Dada, barua yako nimeisoma huku pini ziko mdomoni, nusura nizimeze. Madirisha wazi usiku! Huyo nesi amezaa? Aliwahi kukaa na mtoto kifuani hana hata nyama, midomo imemgeuka rangi, unamhesabia pumzi moja moja ukimwomba Mungu iwepo inayofuata? Wewe ulikuwepo. Wewe ndiye uliyesokota matambara ukayaziba kwenye nyufa za dirisha, ukaniambia, "Mdogo wangu, upepo ndio adui wa huyu mtoto, tusimwachie pa kuingilia." Maneno yako hayo, siyo yangu. Ndiyo niliyomlelea.

Mabweni mengine wafungue na wafunge wanavyotaka. Mimi naomba chumba kimoja tu. Wewe ndiye mwenye funguo zote za jengo lile. Nani atakuuliza? Nilimpeleka chuo hicho na siyo kingine kwa sababu uko wewe. Nikijua dirisha lile limefungwa na pazia limeshuka, nitalala. Nikijua liko wazi, sitashona, sitakula, nitakuwa mtu wa kukaa na kuitazama barabara.

Nifanyie hilo, dada. Sikuombi lingine.

Mdogo wako

*

Bweni la Wasichana
17 Mei

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Pole kwa hofu, na shemeji mpe pole ya miwani.

Nimelifanya. Lala.

Nimezunguka vyumba vyote nikafungua madirisha, na yale yaliyogoma nimeyagonga kwa kisigino cha kiatu. Wasichana wananinung'unikia, wanalala na soksi na vilemba kama mabibi. Chumba cha mwisho nimekipita. Nesi hupita uani asubuhi akitazama juu, dirisha moja moja. Namjua kwa mwendo wa viatu vyake. Nikivisikia napanda haraka, goti na lilie, nalifungua lile dirisha na kusimama pale kama ninayekung'uta shuka. Ananipungia mkono. Nami nampungia. Akigeuka, nafunga.

Jana tulikunywa naye chai chumbani kwangu. Akaniambia, "Mama Funguo, jengo lako ndilo linanipa moyo. Wengine nawasukuma kama mkokoteni." Nikaitazama chai. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza tu, "Na mwenye kifua kibovu, huo upepo si utammaliza?" Akasema, "Mpe blanketi la pili, mvalishe sweta, dawa yake awe nayo karibu. Baridi haimletei mtu ugonjwa huu, pumzi ya mwenzake ndiyo inayomletea. Chumba kikifungwa, pumzi zinabaki mle mle kama moshi wa jikoni. Huuoni, lakini unauvuta." Nikasema ndiyo, ndiyo. Sikuinuka kwenda kufungua.

Nimeomba kwa Mungu aniambie kama nimekosea. Sijasikia jibu, au labda nimelisikia kwa nesi na sikutaka kumpa sifa.

Kijiti anakula. Redio anakusalimu, anasema ukipata kipande kilichobaki cha kitambaa kile umshonee sketi, atembee chuoni kama pazia.

Dada yako

*

Bwenini
24 Mei

Mama yangu,

Shikamoo mama, na baba pia. Natumaini mko wazima. Nakuandikia wewe peke yako, Mama Mkubwa hajui.

Nimeanza kukohoa. Siyo kama kile kifua changu cha siku zote. Kile nakijua kinavyoanza, kinafinya, napuliza dawa, kinaachia. Hiki ni kikavu, na jioni mwili unachemka. Chakula hakina ladha wala harufu, nakula kama natafuna karatasi.

Mtihani unaanza wiki ijayo. Anayepelekwa jengo la wageni hafanyi, anaambiwa atafanya mwakani na wale wanaokuja nyuma. Wanasema wenyewe ni sheria mpya, haibishaniwi. Nikifikiri jinsi mlivyojinyima ili nifike hapa, nakibana kikohozi mpaka machozi yananitoka.

Redio anajua. Mama Mkubwa akipita nje, Redio anaanza kuimba kwa sauti kubwa au kucheka peke yake, nami nakohoa chini ya kelele zake. Mama Mkubwa anagonga mlango: "Redio, punguza sauti!" Naye anajibu, "Betri mpya, Mama!" Tunacheka mpaka nashikwa tena. Nilimwambia akalale kwa wenzake ghorofa ya chini, akasema, "Nani atakuimbia?"

Nisemeje, mama? Niseme au ninyamaze?

Mwanao

*

Kibandani
28 Mei

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Barua yako nimeiweka chini ya cherehani asiione baba yako, maana yeye angepanda basi leo hii.

Usiwe na hofu. Hicho ni kifua chako kile kile, kimekutana na wasiwasi wa mtihani. Wewe hujawahi kufanya mtihani bila kuugua, hata shule ya msingi ilikuwa hivyo. Mtu akikuuliza, mwambie ni pumu, nimezaliwa nayo. Wala si uongo, umezaliwa nayo. Kunywa maji ya moto, jipake mafuta kifuani, dirisha lisifunguliwe, pazia shusha mpaka chini. Fanya mtihani wako. Ukimaliza utakohoa unavyotaka.

Mama Mkubwa usimwambie. Nampenda kuliko mtu yeyote aliyebaki wa ukoo wetu, lakini yeye kitu akikijua, kesho yake kiko kwenye sala yake, na keshokutwa kwa nesi.

Huyo rafiki yako ana moyo mzuri. Mwambie sketi yake nimeshaikata, bado mkanda tu.

Nakuombea kila ninapotia uzi.

Mama yako

*

Bweni la Wasichana
6 Juni

Mdogo wangu,

Nimejaribu kukupigia, anapokea mteja anayesubiri gauni. Nikakata. Mambo haya siwezi kumpa mteja.

Redio yuko hospitali kubwa. Anapumua kwa mashine ya oksijeni.

Ilikuwa hivi. Siku ya pili ya mitihani niliona chumba cha mwisho kiko kimya. Nikasema afadhali, wanasoma. Mchana wake nikapita tena, kimya. Hapo ndipo nikashtuka, maana yule mtoto hata akilala huongea. Nikafungua kwa ufunguo wangu. Giza, pazia mpaka chini, hewa ya mle ndani nzito, ya joto, kama ya kabati lenye nguo mbichi. Redio amekaa sakafuni ameegemea kitanda, mabega yanapanda na kushuka. Nikamwita. Alinitazama, akainua kidole kama mtu anayesema subiri kidogo, nitakujibu. Hakujibu. Hakuwa na pumzi ya kunijibu. Kijiti yuko chumba cha mtihani.

Nilipiga kelele mpaka mlinzi wa geti akaja mbio. Tulimshusha kwenye kiti. Nesi alipoingia hakuniuliza kitu. Alikwenda dirishani, akavuta pazia lako, akakuta komeo limefungwa. Akaligusa tu. Kisha akanigeukia, akasema, "Hata wewe, Mama Funguo?" Angenitukana ningelala.

Jioni Kijiti alirudi, akaniangukia miguuni, akasema yote. Kwamba ndiye aliyeanza kukohoa, Redio akawa anamfichia kwa nyimbo. Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia mimi, mama yako mkubwa?" Akasema, "Mama alinikataza."

Sikuamini. Nimekaa na neno hilo sasa ni siku kadhaa, bado silipatii mahali pa kuliweka.

Mwanao yuko jengo la wageni. Homa imeshuka, kifua kinaachia, anakula uji. Dirisha la kule liko wazi muda wote, amevaa sweta mbili, na upepo haujamla. Mshukuru Mungu. Halafu ukishamshukuru, niandikie.

Dada yako

*

Kibandani
10 Juni

Dada,

Shikamoo. Mwanangu anakula uji, hilo nimelisoma mara nyingi. Ahsante Mungu.

Lakini usiniandikie kama hakimu. Dirisha ulilifunga wewe. Mimi niliomba, wewe ndiye uliyepanda ngazi. Na nani anayejua ugonjwa ulimpata wapi yule binti? Anakaa na watu, anaongea na chuo kizima, umesema mwenyewe hanyamazi. Huenda aliuleta yeye chumbani, Kijiti wangu akaupata kwake. Umefikiria hilo?

Nimeandika hayo juu na nimeyasoma. Nilitaka kuichana karatasi, nikaona niache, uone moyo wangu ulivyo.

Dada, tangu barua yako ifike sijakanyaga cherehani. Sketi yake iko hapa mbele yangu, mkanda haujashonwa. Nikiitazama namwona mtoto nisiyemjua sura, ameinua kidole anasema subiri. Nilikuwa nataka mwanangu afanye mtihani. Ndiyo hilo tu. Sikumwona mtoto wa pili mle chumbani. Nimeshona mapazia ya chumba cha watu wawili, nikapima dirisha, nikapima kitanda, huyo wa pili sikumpima.

Nakuomba kitu, na usinikasirikie. Mama yake akija, usimwambie habari ya kikohozi. Mwambie ugonjwa umeenea, jambo ambalo ni kweli. Mtoto wangu bado ana miaka ya kusoma hapo. Watamnyooshea vidole mpaka amalize.

Mdogo wako

*

Bweni la Wasichana
15 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu. Umeamkaje? Kijiti ametoka jengo la wageni. Amekonda, hata lile jina sasa linamzidi. Ila anatembea, na dirisha analifungua mwenyewe.

Barua yako sikuikasirikia. Kweli dirisha nililifunga mimi, na zile nyufa za utotoni mwake ni mimi niliyefundisha kuziba. Hilo sikutupii wewe.

Mama yake Redio amekuja. Anauza vyombo sokoni huko kwao, mikono yake ina nguvu kama ya mwanamume, na anaongea, ndugu yangu, sasa najua ile betri ilitengenezwa wapi. Hana ndugu hapa, basi nimempokea chumbani kwangu. Tunalala mzungu wa nne kitanda kimoja. Mchana anashinda hospitali, anamwona mwanawe kupitia kioo. Mtoto bado yuko kwenye oksijeni. Juzi alifungua macho. Madaktari hawatuahidi kitu, wanasema tuombe na tusubiri, na kuomba tunaomba, sote wawili, kila mmoja na maneno yake.

Siku aliyofika aliomba kuona chumba cha mwanawe. Nikampandisha. Mapazia nilikuwa nimeyafua, nimeyakunja juu ya kitanda nisijue niyapeleke wapi. Akayashika, akageuza bitana, akapitisha kidole kwenye mshono. Akasema, "Mashallah, kazi ya mtu mwenye upendo. Alinisimulia haya mapazia mwanangu. Angalau hakupigwa na baridi. Nani kayashona nimshukuru?"

Nilikaa chini.

Nikamwambia ni mdogo wangu. Kisha nikamwambia la dirisha. Kwamba jengo zima lilikuwa wazi ila chumba hiki, na kwamba aliyekuwa akikifunga ni mimi, na nesi nilimpungia mkono kumdanganya. Niliyasema yote yangu, sikubakiza. Alinisikiliza. Yule mama wa maneno akayakunja mapazia upya. Tukashuka, tukaingia chumbani kwangu, akavua viatu. Akatazama. Dirisha langu mwenyewe lilikuwa limefungwa, mdogo wangu. Baada ya yote hayo, kwa mazoea tu ya mkono. Akaenda akalifungua, akarudi akakaa kitandani.

Jana asubuhi ndipo aliponiuliza. Alikuwa anafunga kitambaa kichwani aende hospitali. "Mle chumbani, aliyeanza kukohoa ni nani?"

Ningeweza kusema. Ningeweza pia kusema ulivyoniomba, kwamba ugonjwa umeenea, na isingekuwa uongo. Lakini nimechoka na maneno ambayo si uongo. Na Kijiti alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai, ameifunika kwa mikono miwili, anataka kusema yeye. Nikamtikisia kichwa. Siyo yeye wa kwanza kulibeba, alikuuliza wewe aseme au anyamaze.

Nikamjibu yule mama, "Anayeweza kukujibu ni aliyeshona mapazia. Nitamwandikia." Akakaza fundo la kitambaa. Akasema, "Basi nitamsubiri." Akachukua chupa ya chai mikononi mwa Kijiti, akamshika bega, akatoka.

Sikwambii uandike nini. Wewe ni mama, naye ni mama. Ukiweza kuja, njoo, kitanda tutabanana. Usipoweza, andika kwa mkono wako, uitie ndani ya ile sketi, uishone mkanda kwanza. Basi la mizigo linaondoka huko kila asubuhi.

Kila nikirudi kutoka getini ataniuliza kama kuna barua. Nijibu upesi.

Dada yako